Nilimzulia binti yangu ugonjwa wa goti ili asicheze mpira, sasa anachechemea kweli

BARUA

Habari dada mshauri, pole na majukumu. Naomba usinitaje jina, na kama barua ni ndefu punguza tu, mi nikianza kuandika huwa sijui breki iko wapi.

Nina miaka 39, nimeolewa, watoto wawili. Wa kwanza wa kike ana 14, mdogo wa kiume ana 8. Mume wangu ana 43. Hatuna ugomvi ndani, tunaelewana vizuri tu, na ndo maana hili jambo linanitafuna maana nimelifanya peke yangu kimyakimya.

Ilianza mwaka jana. Mume wangu na wenzake wa kazini walikuwa na mpira wao wa Jumamosi asubuhi, wababa watupu, nusu wana vitambi, wanacheka kuliko wanavyokimbia. Nilikuwa nafurahi tu, nikiona angalau anatoka jasho kidogo maana wiki nzima yuko kwenye kiti. Sasa siku hiyo anasema alikuwa ameanza kukimbilia mpira, akasikia kama mtu kampiga teke la kisigino kwa nyuma, akageuka kwa hasira amseme huyo mtu, nyuma hakuna mtu. Hakuna aliyemgusa! Kukanyaga mguu haujibu, kama sio wake. Tulivyofika hospitali wakasema ule mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino umekatika wote.

Basi dada, hapo ndo nilipoijua nyumba yangu vizuri. Plasta, magongo, halafu kile kibuti kizito, halafu mazoezi ya fizio miezi na miezi. Nilikuwa namwogesha mtu mzima huku yeye anaangalia ukutani kwa aibu. Nilikuwa naamka wa kwanza nalala wa mwisho, nampeleka kliniki, nawahi kazini, narudi kusimamia homework, usiku anaomba nimsogezee mto chini ya mguu mara tatu mara nne. Sikulalamika. Kila mtu alikuwa anamuuliza yeye anaendeleaje na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza mimi, ila tuyaache hayo.

Kuanzia hapo nikawa naona majeruhi kila mahali. Jirani anachechemea, kumbe goti la basketi. Dada wa ofisini kafunga mkono, alianguka na baiskeli. Mtoto wa rafiki yangu kavunjika kiganja kwenye mazoezi ya viungo. Nikaanza kuwaandika kwenye simu, najua utasema ni ajabu lakini ndo hivyo, mpaka leo orodha ina watu 19 ninaowafahamu kabisa, sio wa kusikia. 19! Nikajisemea hivi hii michezo inayosifiwa kuwa ni afya, afya iko wapi?

Sasa binti yangu. Anapenda mpira tangu mdogo, shuleni anacheza na wavulana na wanamheshimu. Mwanzoni mwa mwaka kocha wa timu moja ya wasichana alimuona, akapiga simu nyumbani kuomba ajiunge, mazoezi mara tatu kwa wiki na mechi wikiendi. Baba yake alifurahi kama ameitwa yeye. Mimi nilicheka nao pale mezani, usiku nikaingia mtandaoni, nikakuta kwamba wasichana ndo wanaokatika ligamenti za ndani ya goti, zile kamba zinazoshikanisha mifupa, kuliko wavulana, oparesheni, mwaka mzima nje. Sikulala.

Kesho yake nikampigia kocha. Nikamwambia asante lakini binti ana tatizo la goti tangu utotoni na daktari alikataza michezo ya kugongana. Ni uongo mtupu. Goti lake halijawahi kuwa na kitu. Kocha alikuwa mpole sana akasema pole mama, tutamkumbuka akipata nafuu. Nyumbani nikasema kocha amejaza nafasi. Binti alilia siku mbili, mi nikamwambia wewe kimbia tu asubuhi mwenyewe, kukimbia ni salama hakuna wa kukugonga.

Nilidhani imeisha. Wiki tatu zilizopita wakakutana na kocha kwenye mashindano ya shule, kocha akamwambia "pole na goti". Alirudi nyumbani akanisimamia jikoni, "Mama, goti langu lina nini?" Dada mshauri, pale ndo ningesema ukweli. Badala yake nikasema kuna kitu daktari alikiona ulipokuwa mdogo, sikutaka kukutisha. Yaani nikaongeza wa pili juu ya wa kwanza.

Tangu siku hiyo mtoto amebadilika. Alikuwa anapanda ngazi mbili mbili, sasa anashika ukuta. Hakimbii tena asubuhi. Juzi kaniambia goti linamuuma akichuchumaa na akipanda ngazi, chini kidogo ya kifuniko cha goti, na mimi sijui kama linauma kweli au ni maneno yangu ndo yanamuuma. Na hapo hapo kocha katuma meseji anaomba barua ya hospitali, eti wana mtu wa fizio anaweza kumpangia mazoezi mepesi arudi taratibu. Baba yake hajui lolote, na yeye mwenyewe fizio kamruhusu kuanza kugusa mpira, kashanunua na viatu.

Maswali yangu. Je michezo inaumiza watu kiasi hiki au mimi ndo nimechanganyikiwa? Nina haki ya kumkatalia mwanangu kwa sababu ya hofu yangu? Na huu uongo nautoa wapi sasa, maana nikiusema nitampoteza mtoto, nisiposema naona anapotea hivihivi nikimwangalia.

Mama wa watu 19

JIBU

Mama wa watu 19, hilo jina umejipa mwenyewe na nimecheka kidogo kabla sijaacha kucheka. Asante kwa kuandika, na usijali urefu.

Kabla ya yote, wewe unaendeleaje? Namaanisha wewe, mguu wa shemeji tutaufikia. Maana kwenye barua yote umepita pale pa "sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza mimi" ukasema tuyaache, na mimi sitaki tuyaache, nitarudi hapo.

Nikikusoma naona mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna swali la hesabu, watu wanaumia kiasi gani michezoni. Kuna hofu, ambayo haikuanzia kwenye hesabu. Halafu kuna uongo, ambao umeshazaa. Wewe umeuliza la hesabu kwanza, ngoja nianze hapohapo, japo nakwambia mapema jibu lake halitakutolea lile la tatu.

Umeandika majina 19. Swali langu moja, 19 kati ya wangapi? Kwa sababu orodha yako ina mlango mmoja tu, anaingia aliyeumia. Yule mwenzake shemeji aliyecheza Jumamosi ileile, akaoga, akaenda zake nyumbani, hana pa kuandikwa. Huyo dada wa ofisini aliyeanguka na baiskeli, wangapi ofisini kwenu wanaendesha na hujui hata kama wana baiskeli, kwa sababu hawajafunga mkono? Mwenye magongo anaonekana toka mbali, mwenye miguu mizima ni mtu tu anapita. Halafu baada ya yaliyowapata, jicho lako limezoeshwa kuona bandeji. Huko sio kuchanganyikiwa, ndivyo akili ya mtu aliyeshtuka inavyofanya kazi.

Tatizo hilo la kuona walioumia tu wanalo hata watafiti, usidhani. Ukihesabu hospitali unapata waliofika hospitali, na wengi sana walioteguka kifundo cha mguu wanajifungia kitambaa nyumbani, hawaendi popote. Ndo maana njia nzuri zaidi ya kujua hali ya watu wa kawaida ni kwenda kuuliza kaya kwa kaya. Marekani wana utafiti wa namna hiyo wa kila mwaka, na hesabu yao ya miaka ya 2011 hadi 2014 ilitoa matukio kama 34 ya kuumia kwenye michezo na mazoezi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kuanzia umri wa miaka 5 kwenda juu. Kwa nchi nzima ni kama milioni 8.6 kwa mwaka. Na nusu hivi tu ndo walitibiwa kwa daktari au kituo cha afya. Jeraha lililotajwa zaidi kwenye utafiti ule, unajua lilitoka wapi? Sio mpira wala ngumi. Ni mazoezi ya kawaida ya kujiweka fiti, kunyanyua vyuma, kukimbia kwenye mashine na kadhalika, kwa sababu tu ndo yanayofanywa na watu wengi.

Sasa usikimbie na hiyo 34 ukadhani nimekutuliza, kwa sababu nayo ina ujanja wake. Ndani ya hao 1,000 wamo wasiocheza chochote mwaka mzima, hao hawawezi kuumia uwanjani. Na karibu theluthi mbili ya matukio yalikuwa kwa watu wa miaka 5 hadi 24, yaani umri wa binti yako umo katikati kabisa. Ndio maana wanaofanya kazi na wachezaji huwa wanahesabu kwa saa, majeraha mangapi kwa kila saa 1,000 za kucheza. Chukua wachezaji wa kulipwa wa kiume, vilabu vikubwa vya Ulaya vimefuatiliwa tangu 2001. Mazoezini ni kama majeraha 4 kwa saa 1,000, kwenye mechi inaruka hadi 27 hivi. Kikosi cha watu 25 kinategemea majeraha kama 50 kwa msimu, kila mtu mawili, na hao wana madaktari wao, nyasi nzuri na usingizi wa kutosha. Binti yako hachezi kwa kasi ile wala kugongana kule, kwa hiyo usichukue namba hizo ukambandika. Nimezitaja ili uone tofauti ya mazoezi na mechi ilivyo kubwa, kwamba "kucheza mpira" sio kitu kimoja.

Saa 1,000 ni nyingi kiasi gani? Mtoto akicheza saa 5 kwa wiki, wiki 40 za mwaka, anafikisha 200. Itamchukua miaka mitano kufika 1,000. Kwa hiyo ndiyo, akicheza miaka mingi kuna siku ataumia kitu, sitakudanganya, umeshadanganywa vya kutosha na wewe mwenyewe (samahani, nakutania kwa upendo). Ila neno "kuumia" linabeba mengi. Humo kuna kifundo kilichoteguka akakaa nje wiki, kuna msuli uliovutika, kuna kucha iliyong'oka, na mbali huko mwishoni kuna goti la oparesheni. Kwenye kichwa chako yote yamekuwa goti la oparesheni.

Na kukimbia ambako umempa kama dawa salama, hapa niruhusu nikutikise kidogo. Ulisema hakuna wa kumgonga, na shemeji je, nani alimgonga? Si uliniandikia mwenyewe kwamba nyuma hakukuwa na mtu? Majeraha ya kukimbia mengi yanatokana na mwili kupewa mzigo haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Watafiti waliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2015 walipata kama majeraha 7.7 kwa saa 1,000 kwa wakimbiaji wa kawaida wa kujifurahisha, na kwa wanaoanza ikafika 17.8. Yaani mgeni anaumia mara mbili na zaidi. Kila utafiti una maana yake ya "jeraha", kwa hiyo sisemi kukimbia ni hatari kuliko mpira, huo utakuwa uongo mwingine. Nasema ile mistari miwili ya "huu salama, ule hatari" uliyochora usiku ule haiko mahali ulipoichora.

Hili la mgeni ndo linamgusa shemeji moja kwa moja. Ule mshipa wa kisigino ukikatika kwa mtu wa miaka 30 hadi 50, mwanaume, mpira wa wikiendi, siku tano kakaa siku ya sita anachomoka mbio, hiyo ni picha ya kitabuni kabisa, hata ile ya "nilidhani nimepigwa teke" wengi wanasema hivyohivyo. Mapafu na moyo vinaamka mapema, mtu anajisikia fiti, ila kano, yaani mishipa kama huo wa kisigino inayoshika msuli kwenye mfupa, zinachelewa sana kupata nguvu. Kwa hiyo viatu vipya visikutie kichaa wala visikufurahishe mno. Muulize mambo ya kawaida tu, kwa mfano anaweza kujiinua kwa kidole cha mguu ule mmoja mara nyingi karibu sawa na mguu mzima? Fizio kamruhusu kugusa mpira, je kamruhusu na mechi? Hayo ni mawili. Na anaenda kucheza Jumamosi tu kama zamani au atafanya mazoezi katikati ya wiki?

Turudi kwa binti. Ulichosoma mtandaoni usiku ule ni kweli. Kwenye michezo ileile, wasichana wanakatika ile ligamenti ya ndani ya goti mara mbili hadi tatu hivi kuliko wavulana, na hasa baada ya kubalehe. Siwezi kukufichia. Ila ukurasa uliousoma nadhani uliishia hapo, au usingizi ulikukataa kabla ya kufika chini, kwa sababu kuna sehemu ya pili. Mwaka 2008 Norway walichapisha matokeo ya utafiti wa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza mpira, vilabu 125, umri wa binti yako huohuo. Nusu ya vilabu vilipewa utaratibu wa kupasha mwili kama dakika 20, wanakimbia taratibu, wanajenga nguvu za mapaja na tumbo, wanasimama mguu mmoja, wanajifunza kuruka na kutua bila magoti kuingia ndani. Hakuna mashine. Waliofanya hivyo walipungukiwa majeraha yote kwa kama theluthi moja, na makubwa yakapungua karibu nusu. Utaratibu huo unajulikana kama 11+ na makocha wengi wanaufahamu. Hatari haikufutika, ilipungua, na inapungua zaidi kwa timu zinazoufanya kila wiki kuliko zinazoufanya kocha akikumbuka.

Kwa hiyo lile swali la "acheze au asicheze" ndani yake kuna maswali madogo unayoweza kwenda nayo kwa kocha kama mzazi. Mnapasha vipi, na kila siku? Mtoto akigongwa kichwa anatoka palepale au anarudishwa? (Anatakiwa atoke, na asirudi siku hiyo, hapo kocha akisitasita ujue una sababu.) Akiteguka anapewa muda gani? Maana kilichowahi kuumia ndicho kinachoumia tena kwa urahisi, na watoto wengi wanarudi wakiwa wanachechemea kwa sababu kuna mechi. Saa zake kwa wiki, ukijumlisha na za shule, zinafika ngapi? Kuna kanuni wanayoipenda watu wa michezo ya watoto kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake, kwa hiyo 14 ndo dari. Huyu kocha anayeuliza habari za fizio kabla hata hajampata mchezaji, kwa kweli mi kanivutia, ingawa simjui.

Na upande wa pili wa mizani usiuache mtupu. Shirika la Afya Duniani lilipoangalia vijana wa miaka 11 hadi 17, asilimia 81 hawafikishi ile saa moja ya kujishughulisha kwa siku, na wasichana ni asilimia 85. Umri huo ndo wengi wanaacha michezo na hawarudi tena. Mtoto wako alikuwa kwenye ile 15 iliyobaki, au angalau anaisogelea. Kutocheza nako kuna majeruhi wake, ila wanachukua miaka 30 kuonekana na hakuna anayewaandika kwenye simu.

Je una haki ya kumkatalia? Mzazi wa mtoto wa miaka 14 anayo haki ya kusema hapana, ndiyo. Mama anaweza kusema "mwanangu, yaliyompata baba yako yalinivunja, siwezi sasa hivi, nipe muda", na hiyo ni hapana halali kabisa, mtoto atanuna lakini atajua anagombana na nini. Wewe hukusema hapana. Ulilisemesha goti lake. Sasa mtoto hagombani na mama, anagombana na mwili wake mwenyewe, na hapo ndo naona moto uko karibu kuliko hata uwanjani.

Twende kwenye hilo goti basi. Umesema linauma chini ya kifuniko, akichuchumaa na akipanda ngazi. Mi sio daktari, lakini usiamue mwenyewe kwamba ni la kufikirika. Watoto wa umri huo wanaokua haraka na wanaopenda michezo wanapata sana maumivu hapohapo, pale mshipa wa goti unapojishika kwenye mfupa wa muundi, na mengi yanatulia kwa kupunguza mzigo na mazoezi ya kujenga mapaja. Inawezekana pia ni hofu, mtu akiambiwa kiungo chake kibovu anaanza kukisikiliza usiku na mchana, na kiungo kinachosikilizwa hakikosi la kusema, na maumivu hayo yanauma kweli, hayo sio kuigiza. Inawezekana ni vyote viwili. Njia ya kujua ni kumpeleka akaonwe. Lakini angalia mtego ulioko hapo, ukimpeleka na historia uliyoitunga, daktari ataanza kutafuta ugonjwa ambao haupo, vipimo vitaongezeka, na kila kipimo kitamthibitishia mtoto kwamba kweli ni mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya mlango wa daktari kuna mtu lazima aambiwe ukweli, hata kama ni daktari tu.

Una njia kadhaa na kila moja ina bei yake.

Unaweza kunyamaza, umwambie tu kocha kwamba daktari mpya kasema goti limepona. Kwa nje litaonekana limeisha. Ila utakuwa umeongeza wa tatu juu ya wawili, na mtoto bado anaamini alizaliwa na goti bovu lililopona kimiujiza, na ipo siku atamuuliza baba yake, "kwani nilipokuwa mdogo daktari alisema nini hasa?" Na baba atamwangalia.

Unaweza kuanza na mumeo. Nakuona unaogopa hapo, kwa sababu kumwambia ulichofanya ni kumwambia pia kwa nini, na kwa nini yenyewe ni ile miezi ya plasta. Anaweza kusikia kama unamlaumu kwa kuumia. Lakini fikiria, huyu mtu aliangalia ukuta ulipokuwa unamwogesha, inawezekana na yeye ana yake aliyoyabana. Mmewahi kukaa mkaongea ule mwaka ulivyowapitia, nyie wawili, bila kumzungumzia mguu? Barua yako hainionyeshi kama mmewahi. Na kuna jambo nakuuliza bila uhakika, hiyo hofu uliyonayo ni ya binti kuumia, au ni ya wewe kurudi tena kwenye zamu ile ya usiku, peke yako, bila mtu wa kukuuliza unaendeleaje? Yakiwa ni hayo ya pili, dawa yake haiko kwenye namba zozote nilizokupa hapo juu.

Au unaanza na binti mwenyewe. Unasema utampoteza. Labda atakasirika, na atakuwa na haki, wiki kadhaa unaweza ukawa unaongea na mlango. Miaka 14 wanakumbuka. Lakini sioni kama mtoto anampoteza mama kwa sababu mama kasema "niliogopa nikadanganya, goti lako halijawahi kuwa na kasoro niliyokwambia". Ukiamua hivyo, usimchanganyie na msamaha mrefu wa machozi akaanza yeye kukubembeleza wewe, na usimpe na jibu la timu siku hiyohiyo kama hongo. Kwanza la mwili wake. Halafu mwache aulize. Na kama goti linauma kweli mwambie maumivu yake unayaamini na mtaenda kuyaangalia pamoja, kwa sababu asije akasikia "ulikuwa uongo" akaelewa "kwa hiyo na mimi naigiza".

Ipi uanze nayo sitakuchagulia, wewe ndo unajua nani ndani ya nyumba yako anapokea vipi habari nzito, na saa ngapi. Kuna wanaofanya vizuri wakishikana na mume kwanza, kuna wengine wakianza na mume jambo linakuwa kesi ya wazazi na mtoto anakuja kuitwa mwishoni kama shahidi.

Kocha anangoja barua ya hospitali. Huyo hahitaji hadithi yote, sentensi moja inamtosha, kwamba nilichokwambia kuhusu goti hakikuwa sahihi, tunamalizana nyumbani kwanza, nitakutafuta. Ila muda wako kwa huyu ni mfupi kuliko kwa wengine, kwa sababu wana mashindano ya shule, na kama walikutana wiki tatu zilizopita watakutana tena, na safari hii binti anaweza kuwa ndo anauliza.